Kuuliza, Kisha Kunyamaza

Mtu akinijia na jambo lake, kwanza namuuliza: "Unataka nikusikilize tu, nikupe maoni, au tulifikirie pamoja?" Katika yote niliyojifunza kwenye mafunzo ya ukocha, hakuna kilichonifaa nyumbani kama hilo. Mdogo wangu akipiga simu usiku akilalamikia kazi, mara nyingi anataka kusikilizwa tu, na akishasema yaliyomjaa moyoni analala vizuri. Ningemrushia maswali ya kitaalamu angeniona namhoji. Ndugu hafanyiwi ukocha bila ridhaa yake.

Ukocha ninaousema, wa kumsaidia mtu kwa maswali mpaka apate jibu lake mwenyewe, si ule wa uwanjani, ingawa mizizi yake iko huko. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika mwaka 1974 kwamba mchezaji anayemiminiwa maelekezo hukakamaa. Yeye alimwambia mwanafunzi autazame mpira na kutamka pale unapodunda na pale unapogusa raketi, basi, na mwili ukajirekebisha wenyewe. Baadaye Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akaipeleka fikra hiyo maofisini na kueneza mpangilio wa hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na kile mtu atakachofanya kweli.

Hatua hizo nne naziweka kichwani, sizisomi kama fomu. Kazini kuna mwenzangu mdogo aliyepewa kuandika ripoti ya tathmini ya mradi. Akaja mezani kwangu na rundo la karatasi. "Dada, sijui hata nianzie wapi." Jibu nilikuwa nalo tayari: panga sura hivi, anza na muhtasari. Nikalimeza. Nikamuuliza, "Ripoti hii ikitoka vizuri, atakayeisoma ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi?"

Akatazama dirishani. Kalamu yake ikawa inagonga ukingo wa meza. Kimya cha namna hiyo kinachosha, na aliyeuliza ndiye anayetamani kukivunja, lakini mtu anapotazama pembeni hivyo huwa bado yumo ndani ya swali, na ukiongea unamtoa. Nikasubiri.

"Ataweza kuamua mradi uendelee au usimame," akasema. Kisha, kabla sijafungua mdomo, "Basi kurasa zote hizi za historia za nini?"

"Kingine?"

Akashusha pumzi. "Dada, takwimu zinasema usimame. Naogopa kuwa mimi ndiye wa kuyaandika hayo."

Kumbe shida haikuwa mpangilio wa sura hata kidogo. Ushauri wangu ungekuwa sahihi kabisa na usingemsaidia chochote, kwa kuwa ungejibu swali ambalo hakuwa nalo. Tukaongea juu ya woga huo: nani angekasirika, nani angemuunga mkono, ni namba zipi zisizopingika. Nilipomuuliza atafanya nini na lini, alisema kesho yake asubuhi atampelekea mkuu wa idara ukurasa mmoja wenye matokeo, kabla ya kuandika mengine. Na akampelekea.

Kwenye uandishi wa hadithi kocha ni mimi na anayefundishwa ni mimi. Hapo nategemea swali la kipimo, lililoenezwa na wataalamu wa tiba ya mazungumzo Steve de Shazer na Insoo Kim Berg. Kuanzia 1 hadi 10, hadithi hii imefika wapi? Tuseme 4. Mwandishi aliyekata tamaa atakimbilia kuhesabu kasoro zote zinazoizuia kufika 10. Mimi najiuliza kinyume chake: imewezaje kufika 4, isiwe 2? Naandika jibu kwa mkono. Labda sauti ya bibi kwenye ukurasa wa tatu ina uhai, labda ule ugomvi wa mlangoni unasomeka kwa pumzi moja. Nikishajua kilicho hai najua pa kushika. Halafu natafuta kitu kimoja tu cha kuifikisha 5, kama kumpa bibi aseme mapema zaidi, na ninafanya hicho peke yake siku hiyo.

Maswali yanayoanza na "Huoni kwamba ingekuwa vizuri..." nimeyaacha kabisa. Huo ni ushauri uliovalishwa nguo za swali, na anayeulizwa huutambua mara moja. Nikiwa na maoni nayatoa waziwazi, na namwambia kuwa ni maoni yangu.

Na si kila mtu ni wa kuulizwa maswali. Aliyefiwa naenda kukaa naye. Mgeni kazini asiyejua mfumo unavyofanya kazi namwonyesha, maana hawezi kuchimbua ndani yake kitu ambacho hajawahi kufundishwa. Na mtu ambaye kwa wiki nyingi halali, hali, haoni sababu ya kuamka, namwambia moja kwa moja kwamba anahitaji daktari au mshauri nasaha, na najitolea kumsindikiza.