Uskoti: viti vilianguka, hamu ya uhuru ilibaki

Kwenye vijiwe vya siasa hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi mpaka Buhongwa, habari za Uskoti humalizwa kwa kauli moja: SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitenge na Uingereza, imekwisha, ilikuwa na wabunge 56 Westminster, yaani Bunge la Uingereza kule London, mwaka 2024 ikabaki na 9. Anayesema hivyo amehesabu viti, hajahesabu kura. Kwa mpenzi wa mpira anayefuatilia siasa kwa mbali haina shida. Kwa kada anayetegemewa na kata yake ni hatari, kwa sababu atatumia jicho hilohilo kusoma matokeo ya Nyamagana na Ilemela.

Tuanze na takwimu. Mwaka 2015 SNP ilipata asilimia 50 ya kura za Uskoti na kuchukua majimbo 56 kati ya 59. Mwaka 2017 ikashuka hadi asilimia 36.9 na viti 35. Mwaka 2019 ikapanda tena: asilimia 45, viti 48. Mwaka 2024 ikapata asilimia 30, na kati ya majimbo ya Uskoti, yaliyokuwa yamepunguzwa kuwa 57, ikabaki na 9, huku Labour ikipata 37 kwa asilimia 35 hivi. Ziangalie tena hizo mbili za mwisho. Tofauti ya asilimia 5 za kura imezaa tofauti ya viti 28.

Sababu ni ile tunayoijua vizuri: anayeongoza jimboni anachukua kiti, wengine wote wanaondoka mikono mitupu. Mwaka 2015 kura za wanaotaka Uskoti ibaki kwenye Muungano wa Uingereza ziligawanyika kwa vyama vitatu: Labour asilimia 24, Conservative 15, Liberal Democrats 7 na ushee. SNP ilikuwa juu ya kila mmoja wao karibu kila mahali, kwa hiyo nusu ya kura ikawa karibu viti vyote. Mwaka 2024 Labour ndiyo iliyokuwa juu kidogo karibu kila mahali kwenye ukanda wa kati, kuanzia Glasgow hadi Edinburgh, na mashine ileile ikageuza meno.

Wakati huohuo, hamu ya uhuru haikuporomoka pamoja na chama. Kwenye kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba 2014, asilimia 44.7 walisema Ndiyo na 55.3 wakasema Hapana. Tafiti za maoni ya wananchi zinazofanywa tangu hapo zimekuwa zikipanda na kushuka kuzunguka hapohapo, karibu nusu kwa nusu. Maana yake wapo Waskoti wengi waliotaka uhuru mwaka 2024 lakini wakampigia Labour ili kuwaondoa Conservative, au wakabaki nyumbani. Kada anayeweka kura ya chama na kura ya uhuru kwenye kapu moja hawezi kuwaona watu hao, na asiyewaona hawezi kuwafuata.

Kubaki nyumbani nako si jambo dogo. Mwaka 2014 waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6. Mwaka 2024 walikuwa kama asilimia 59. Na hata mwaka ule wa 2014, Glasgow, mji mkubwa kuliko yote na mmojawapo wa maeneo 4 kati ya 32 yaliyosema Ndiyo, ndio uliokuwa na mahudhurio ya chini kuliko kwingine kote: asilimia 75. East Renfrewshire, jirani yake tu, walijitokeza zaidi ya asilimia 90, na wengi wao wakasema Hapana. Upande wa uhuru ulikuwa na nguvu pale ambapo watu wana tabia ya kutokwenda kituoni.

Bunge la Uskoti lenyewe, pale Holyrood, linachaguliwa kwa njia nyingine kabisa, na hapa ndipo ningependa makada wetu watumie muda. Lina wabunge 129. Kati yao 73 ni wa majimbo, kama wetu. Waliobaki 56 wanatoka kwenye orodha za vyama, kanda 8, kila kanda viti 7. Mpiga kura anapewa karatasi mbili: moja ya mgombea wa jimbo, moja ya chama. Sisi tuna viti maalum vya wanawake vinavyogawiwa kwa kura za ubunge za chama, kwa hiyo wazo la orodha si geni. Tofauti ni kwamba orodha yao imetengenezwa makusudi kumfidia aliyekosa majimbo, si kumwongezea aliyeshinda.

Hesabu yake ni hii. Chukua kura za orodha za chama katika kanda, zigawanye kwa idadi ya majimbo kilichoshinda kwenye kanda hiyo, ukiongeza 1. Chenye hesabu kubwa kinapata kiti cha kwanza. Kigawanyo chake kinaongezeka kwa 1, unahesabu tena kiti cha pili, hivyo hivyo hadi cha 7.

Glasgow mwaka 2021 inaonyesha kila kitu. SNP ilishinda majimbo yote 9 ya kanda. Kwenye orodha ilipata kura 133,917, Labour 74,088, Conservative 37,027, Chama cha Kijani (Scottish Greens) 36,114. Ya SNP unagawanya kwa 10, inabaki 13,391. Wengine wanaanza na kigawanyo 1. Kiti cha kwanza ni cha Labour. Sasa Labour inagawanywa kwa 2, inapata 37,044, inaipita Conservative kwa 17 tu na kuchukua cha pili. Cha tatu Conservative, 37,027. Cha nne Kijani, 36,114. Cha tano Labour kwa 24,696, cha sita Labour tena kwa 18,522. Cha saba kimebaki kati ya Conservative kwa 18,513 na Kijani kwa 18,057. Conservative ikakichukua.

Chama kilichoongoza kwa mbali hakikupata hata kiti kimoja cha orodha. Kura zaidi ya laki moja na elfu thelathini hazikuzaa kitu siku ile. Na Kijani, ambacho nacho kinataka uhuru, kilihitaji kura 914 zaidi kukipata kile kiti cha saba.

Hapo kuna jambo linaloniumiza kama mtu wa chama. Kwenye karatasi hiyohiyo ya orodha kulikuwa na chama kingine kidogo kisichohusiana na Kijani, Independent Green Voice, nacho kikiwa na neno la Kijani kwenye jina lake. Kilipata kura zaidi ya 2,000 Glasgow. Huwezi kumsemea mpiga kura alichokuwa anawaza, lakini wakala yeyote aliyewahi kusimama kwenye kuhesabu anajua jicho lililochoka linavyosoma karatasi ndefu. Anayeandaa kampeni aiombe mapema sampuli ya karatasi ya kura, aikague jina kwa jina na nembo kwa nembo, kisha vipeperushi vyake vioneshe nembo halisi jinsi itakavyoonekana kwenye karatasi. Ukifanya hivyo wiki ya mwisho umechelewa.

Kutokana na hesabu hii ulizuka ubishi mkubwa miongoni mwa wapenda uhuru. SNP ilisema: kura zote mbili kwetu. Chama cha Alba, alichokiongoza Alex Salmond mwaka 2021, kilisema: jimbo wape SNP, orodha tupeni sisi, ili isipotee. Kwa karatasi ya Glasgow, Alba wana hoja. Lakini angalia nchi nzima: Alba ilipata asilimia 1.7 na haikupata kiti. Bila kufika karibu asilimia 5 au 6 katika kanda, kura ya orodha kwa chama kidogo inapotea vilevile. Na SNP haikuwa inasema uongo: viti vyake 2 vya orodha vilitoka Kusini na kwenye Nyanda za Juu na Visiwa, kanda ambazo haikufagia majimbo yote. Orodha ni bima, na bima huonekana haina faida mpaka siku nyumba inapoungua. Mimi nasimama na SNP kwenye hili, kwa sababu hakuna kada anayeweza kujua kwa uhakika kabla ya siku yenyewe kwamba atafagia kanda nzima.

Mwaka 2007 walijifunza jambo jingine kwa gharama. Kura zote mbili ziliwekwa kwenye karatasi moja, safu mbili, na siku hiyohiyo kulikuwa na uchaguzi wa madiwani unaotaka kuandika namba 1, 2, 3 badala ya alama ya X. Kura zaidi ya 140,000 zikaharibika, katika uchaguzi ambao SNP ilipata viti 47 na Labour 46. Baadaye karatasi zikatenganishwa, na uchaguzi wa madiwani ukahamishiwa mwaka mwingine.

Kazi ya mlangoni inafanana na ya kwetu kuliko watu wanavyodhani. Kada anapewa orodha ya daftari, mtaa kwa mtaa. Anauliza mambo mawili kwa kutenganisha: utampigia nani, na kwenye uhuru unasimama wapi, mara nyingi kwa kipimo cha namba. Majibu yanaandikwa palepale, si baada ya kufika ofisini. Kwenye majengo ya ghorofa ya Glasgow, kama ilivyo kupanda mawe ya Mabatini na Igogo, unaanzia juu ukishuka, ili pumzi ikutoshe kuongea na nyumba ya mwisho. Vipeperushi husukumwa kwa mwiko wa mbao kwenye tundu la barua, maana tundu lina brashi ngumu na nyuma yake huenda kuna mbwa.

Kinachoharibu ni adabu. Mtu anafungua mlango, anatabasamu, anasema "ndiyo, ndiyo," na kada mgeni anamwandika ni wetu. Siku ya kura timu inarudi kumkumbusha, kumbe inamkumbusha mpinzani aende kituoni. Dawa ni kuuliza alimpigia nani mara iliyopita, na kumweka kwenye kundi la wasioamua yeyote asiyejibu waziwazi. Orodha yenye wafuasi 300 wa kweli inashinda yenye 900 wa adabu. Kama unaona nazidisha umuhimu wa kura mojamoja, mwaka 2017 jimbo la North East Fife SNP ilishinda kwa kura 2, na Perth and North Perthshire kwa kura 21.

Wenye kusoma historia watakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Oktoba 1949 lilizinduliwa Agano la Uskoti, ombi la kutaka bunge la ndani, na sahihi zikafika karibu milioni 2. Serikali ya London ikaziacha zipite. Novemba 1967, Winnie Ewing wa SNP akashinda jimbo moja tu, Hamilton, katika uchaguzi mdogo, na mwaka 1969 ikaundwa tume ya kifalme kuchunguza katiba. Jimbo moja lilifanya ambacho sahihi milioni 2 hazikufanya.

Kwetu mjadala huu unagusa Muungano wetu moja kwa moja. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mabunge yao. England haina, kama Tanzania Bara isivyo na serikali yake na Zanzibar ilivyo nayo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu, na hoja ya ukubwa wa upande mmoja ikajitokeza mara moja. Kwao ni hivyohivyo: majimbo 543 kati ya 650 ya Westminster yako England. Mshirika mmoja akiwa mkubwa hivyo, shirikisho lolote litampa yeye usukani, na ndiyo maana wazalendo wa Uskoti hawaridhiki na nyongeza ndogondogo za madaraka.

Kikwazo chao cha sasa ni cha kisheria. Kura ya 2014 iliwezekana kwa sababu London ilikubali, kwa Makubaliano ya Edinburgh ya Oktoba 2012. Tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Holyrood haiwezi kuitisha nyingine bila ridhaa hiyo. Mwaka 2021 SNP na Kijani walipata pamoja viti 72 kati ya 129, na bado mlango haukufunguka. Wanaodai kwamba wingi wa viti peke yake unatosha wanadanganya wafuasi wao. Sharti la kwanza ni asilimia za kura, tena kwa muda mrefu, kiasi cha kumfanya anayekataa aone aibu kukataa.

Wenye ndugu Glasgow, Edinburgh au Aberdeen wawaambie hili. Mtanzania anayeishi huko kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, za Holyrood na za Westminster pia. Holyrood na udiwani wanaanza miaka 16, Westminster 18. Kujiandikisha kunafungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na kura ya posta lazima iwe imefika kabla ya saa hiyo. Kwa Westminster aende na kitambulisho chenye picha. Kwa Holyrood hakihitajiki.