Mwanangu alikuwa anacheua mchana kutwa, na dawa haikusaidia

Mwanangu tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la babu yake. Alianza kucheua akiwa na wiki tatu. Kila mtu akaniambia ni kawaida, mtoto akishiba hucheua, na kweli mtoto wa jirani alikuwa anamwaga maziwa begani kwa mama yake huku anacheka. Babu wangu hakuwa anacheka. Ananyonya kidogo, anajipinda mgongo kama upinde, anaachia ziwa na kulia, halafu maziwa yanatoka mdomoni na puani kwa pamoja. Kanga nilikuwa nabadilisha hadi sita kwa siku. Sisi tunakaa Kirumba, Mwanza, kule juu kwenye mawe, bomba likikauka ndoo inapandishwa kichwani, kwa hiyo hizo kanga sita hazikuwa jambo dogo.

Alipotimiza miezi miwili tukapewa dawa ya maji ya kupunguza tindikali tumboni. Nilimpa kila asubuhi kwa bomba la sindano, wiki tatu bila kuruka hata siku moja. Kucheua kukabaki palepale. Nikarudi nimekasirika, nikakutana na daktari mwingine, dada kijana tu, ndiye akanieleza nilichotakiwa kuambiwa siku ya kwanza: dawa ile inapunguza ukali wa kile kinachopanda, haizuii kupanda. Msuli unaofunga mlango wa tumbo kwa juu bado ni mlegevu kwa mtoto mchanga, unakaza kadiri anavyokua. Kwenye mwezi wa nne hivi ndipo kucheua kunapozidi, na wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka. Akaniuliza kama matapishi yana rangi ya kijani au damu, kama yanaruka mbali kwa nguvu, kama anakojoa vizuri, kama ana homa au anapumua kwa shida. Lingekuwepo hata moja, alisema, nisingesubiri kesho. Hapakuwa na kitu. Kwenye kadi ya kliniki uzito ulikuwa unapanda, ila mstari umeanza kulala. Dawa akaisimamisha, akasema nirudi baada ya wiki mbili kupima kilo.

Huku mtaani ushauri haukukauka. Mama mmoja jirani alimfungua Babu mdomo kwa kidole, akatangaza: "Hayo ni meno ya plastiki, mpeleke yakang'olewe." Mwingine akasema ni kimeo, kikatwe. Ni watu wazima, niliwajibu kwa adabu. Lakini yale wanayoyaita meno ya plastiki ni meno ya utoto ambayo hayajachomoza, na kuna watu wanayachokonoa kwa spoku ya baiskeli. Kuanzia siku ile Babu hakubaki mikononi mwa mtu bila mimi kuwepo.

Kilichoanza kutupa nafuu ni vitu vya kuchosha tu. Nilimnyonyesha mara nyingi, kidogo kidogo, nikisimama katikati kumbeulisha. Kisha nambeba wima kifuani dakika ishirini hadi thelathini, bila kumrusharusha wala kumkunja tumbo. Usiku nilikuwa nakaa naye mlangoni, Ziwa Victoria lote liko chini yetu. Zile siku za giza wavuvi wa dagaa wanakuwa wamewasha taa, utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Sikuwa na haja ya saa: nachagua taa moja, naifuata mpaka ipotelee nyuma ya jiwe la jirani, najua sasa naweza kumlaza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, nami nikabaki kuhesabu pumzi zake. Kulala nilimlaza chali, pasipo mto. Mto nilikuwa nimemwekea mwenyewe nikidhani namsaidia, daktari akaniambia niutoe siku hiyohiyo, mtoto anaweza kuserereka shingo ikajikunja akakosa hewa.

Kucheua kulipungua. Kilio hakikupungua. Asubuhi moja nikaona kwenye nepi ute na nyuzi mbili tatu za damu. Nepi yenyewe niliifunga kwenye mfuko nikaipeleka. Daktari aliiangalia, halafu akaniuliza: "Mama, wewe unakula nini?"

Nikataka kucheka. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu na dumu la mtindi, na kila likiisha anaagiza lingine, maana mzazi hanyimwi maziwa. Chai ya maziwa asubuhi, ugali na mtindi mchana, uji wa maziwa usiku. Daktari akasema protini ya maziwa ya ng'ombe hupita kwenye maziwa ya mama, na kuna watoto ambao matumbo yao hayaikubali. Niendelee kunyonyesha, ila niache maziwa, mtindi, siagi na samli kwa wiki mbili hadi nne, kisha nijaribu tena tuone.

Kumwambia mama mkwe ndiyo ilikuwa kazi. "Mama, daktari amesema niache maziwa kidogo, yanamsumbua mtoto." Alinitazama muda mrefu. "Mimi nimelea saba kwa mtindi. Tangu lini Msukuma akakataa mtindi?" Ilibidi mume wangu aende kukaa naye nje, wakaongea Kisukuma mpaka chai ikapoa. Mimi nikahamia kwenye dagaa, wanaliwa na mifupa yao yote, na mchicha. Nilikosea mara moja kwa maandazi ya dukani, kumbe yamekandwa kwa maziwa.

Siku ya kumi choo kikawa safi. Wiki ya tatu Babu alilala saa nne mfululizo, nikaamka kwa hofu kumgusa kama anapumua. Wiki ya nne nikajaribu vikombe viwili vya chai ya maziwa. Kesho yake mgongo ukajipinda tena na ute ukarudi. Baada ya hapo sikuhitaji kubishana na mtu.

Aliendelea kucheua mpaka mwezi wa nane, lakini kama yule wa jirani, huku anacheka. Safari iliyofuata mama mkwe alikuja na dumu lake lilelile. Nikalipokea, nikashangaa mbona mtindi hausikiki ukicheza ndani. Ndani alikuwa ameweka karanga.