Mwezeshaji wa takwimu za afya aanzie kwenye rejista

Katika kuwaandaa wawezeshaji wa takwimu za afya ya msingi hapa Tanzania, naamini muda mwingi utumike kwenye vitabu vyenyewe vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) kuliko kwenye kompyuta, kwa sababu kosa huanzia zahanati, pale muuguzi aliye peke yake zamu nzima anapojaza rejista ya wajawazito jioni kwa kukumbuka, na jumla inayoingizwa baadaye kwenye DHIS2, yaani mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, huwa imekwisha kupotoka. Mwezeshaji afundishwe kuhesabu upya mahudhurio kitabuni, kuyalinganisha na ripoti ya mwezi na, jambo ninalolisisitiza sana, kumhoji muuguzi bila kumtisha, maana akiogopa kukaripiwa atabadilisha tarakimu ili zilingane tu, na halmashauri itapanga huduma kwa idadi isiyokuwapo.