Komoro na kipa wa kuazima

Jana usiku nimeirudia kuitazama ile mechi ya Komoro na Kameruni ya Januari 2022, na bado nashangaa kwamba iliwahi kutokea.

Taifa la visiwa, watu hawafiki milioni, limeingia FIFA mwaka 2005 tu. Machi 2021 wakatoka sare tasa na Togo pale Moroni, tiketi ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya kwanza mkononi. Kule Kameruni walianza kwa kufungwa na Gabon, kisha na Moroko. Nikasema basi, wameonja. Halafu wakaitandika Ghana 3-2! Ahmed Mogni alifunga mawili siku ile. Ghana, mabingwa mara nne, wakapanda ndege kurudi kwao.

Sasa hatua ya 16, dhidi ya wenyeji. Kipa mmoja majeruhi, wengine wamebanwa na Korona. Golini akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto! Jezi ya kipa imebandikwa namba 3 kwa utepe. Dakika ya saba tu, nahodha Nadjim Abdou kala kadi nyekundu. Mimi nilitegemea mvua ya magoli, sita au saba hivi. Wakafungwa 2-1, tena Alhadhur akiokoa mipira ambayo makipa wa kazi huitema. Na lile bao la M'Changama la mpira wa adhabu, kutoka mbali kabisa, kipa wa Kameruni, Onana, karuka bure. Nimelirudia mara nyingi kuliko mabao ya timu yangu.