Paka wa mwenye nyumba wetu

Jamani, nyie mnaosema paka ni paka tu, njooni Portland mumwone huyu wa mwenye nyumba wetu. Ni wa aina ya Maine Coon, paka rasmi wa jimbo hili la Maine, Marekani, tangu 1985. Dume, kilo nane na ushee, masikio yana vishungi nchani, na manyoya yamemwota mpaka katikati ya vidole, theluji haimsumbui. Mkia sasa! Akilala anajifunika nao uso mzima. Kwa umbo lile ungetegemea ukali, kumbe mpole kupita kiasi: watoto wanambeba begani, katulia tu. Hata nyau hasemi sana, anatoa kisauti chembamba kama cha ndege. Kazi ni kumchana, na manyoya yote yanahamia kwenye suti yangu nyeusi ya kanisani.