Siri husemwa ndani, si dakani

Ukija Lamu kupiga filamu ya mapenzi, kila mtu atakuelekeza kwenye jahazi na jua la magharibi. Achana nayo. Wawili waliokaa omoni wakitazama maji wanapendeza tu. Hakuna anayejua kama wanaaminiana.

Kuaminiana huonekana pale mmoja anapomkabidhi mwenziwe jambo linaloweza kumdhuru. "Nakupenda, niamini" ni maneno ya bure. Mume akimwambia mkewe "mashua nimeiweka rehani," maneno hayo yana gharama, hasa ikiwa kaka wa mke ndiye aliyetoa nusu ya pesa za kuinunua. Sasa mke ameshika mpini. Dakika 20 mbele, mlete huyo kaka aulize: "Mbona mashua siioni gatini?" Jibu la mke ndilo filamu yenyewe. Waandishi wengi huisahau nusu hii: siri hutolewa, machozi hutiririka, kisha haitajwi tena.

Nyumba ya kale ya Lamu imeshakupangia kazi. Kuna daka (kibaraza cha mlangoni), halafu tekani (kijia cha kuingilia), halafu kiwanda (ule uwanja wa katikati ulio wazi juu), kisha msana (ukumbi mrefu unaokitazama kiwanda), kisha ndani (chumba cha faragha). Mgeni huishia dakani. Mume akianza kusema kiwandani, akasikia hatua za mtu akanyamaza, akaja kumalizia ndani, mtazamaji ameshaelewa bila kuambiwa kitu.

Tabu ni upana. Vyumba hivi vilifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni nadra kuzidi mita 3. Kwa lenzi ya milimita 85, inayovuta karibu, uso utaupata, ila ukitaka wote wawili mgongo wako utagonga ukuta. Msana ni mrefu na mwembamba: weka kamera kwenye ncha yake, upige kwa urefu, milimita 35 kwa wawili na 50 kwa uso mmoja. Mwanga wa kiwandani utaingia kwa ubavu, umeshapozwa na kuta za chokaa. Piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Adhuhuri jua hushuka wima, chokaa kikang'aa, na sura zikabaki vivuli.

Ndani ni giza, na hapo ndipo watu hufungua lenzi mpaka f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga mwingi. Kwa milimita 50, mwigizaji akiwa mita 1 kutoka kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame), kina kinachoonekana bila ukungu ni kama sentimita 4. Akiinama kumimina kahawa, macho yameingia ukungu. Ongeza taa ndogo, punguza tundu hadi f/4, upate sentimita 9 hivi.

Kamera imtazame anayesikiliza. Mume akishasema "rehani," baki na uso wa mke sekunde 4, yaani fremu (picha moja moja) 100 ukipiga 25 kwa sekunde. Asijibu. Amalize kumimina, amsogezee mumewe kikombe. Mhariri mwenye haraka atarudi kwa mume baada ya sekunde 1, kisha ataona pengo na kuliziba kwa fidla, na hapo mtazamaji ananyang'anywa nafasi ya kujiuliza mke atafanya nini.

Ukimya huo unataka sauti safi. Punda atalia, injini ya boti itapita. Rekodi sekunde 30 za chumba kitupu za kuzibia viraka, na maiki iliyo chini ya buibui ibandikwe kwa tepu, maana kitambaa hukwaruza.

Kuhusu kugusana, HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza mwaka 2018 kuweka kwenye kazi zake mratibu wa matukio ya faragha, yaani anayesimamia namna waigizaji wanavyogusana. Kwa bajeti ndogo, andikeni mapema panaporuhusiwa kuguswa: mkono, bega, basi. Awepo mwanamke ambaye mwigizaji wa kike amemchagua mwenyewe. Chumbani wabaki mwongozaji, wa kamera na wa sauti. Wengine wote wangoje dakani.