Hapa Si Ubalozini

Nakaa mapokezi katika kituo kimoja cha utamaduni wa Kijerumani hapa Dar es Salaam. Majirani zangu Tabata wanajua "yule dada anafanya kazi kwa Wazungu", na mama mwenye nyumba anaamini kabisa kwamba mimi ndiye nagonga mihuri ya viza. Nikimwambia tunafundisha lugha na kuandaa maonyesho, anacheka: kodi yake nitalipa kwa ngoma?

Ijumaa ilikuwa hivi.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, saa moja na nusu niko Upanga, shati limekunjamana kwa kubanwa kwenye daladala.

Saa mbili kamili, watahiniwa wa A1. Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa cha Kijerumani, lakini usikidharau. Tangu 2007, Ujerumani inataka wengi wanaowafuata wake au waume zao kule waonyeshe Kijerumani cha msingi kabla ya kupewa viza. Kwa hiyo ndoa nzima inaweza kusubiri alama 60 kati ya 100. Dada mmoja, Mwajuma, alikuwa kwenye korido akijikumbusha kutaja jina lake herufi kwa herufi. Kila akifika kwenye J ulimi unasema "jei". Kwa Kijerumani ni "yot". "Em, ve, a, jei... aah!" Halafu namba: themanini na nne kwao inaanza na nne, ndipo ije themanini. Nikamtajia namba ya simu yangu, akaiandika kinyumenyume. Tukacheka, lakini mikono yake ilikuwa ya baridi.

Saa nne nilikuwa naandikisha wanafunzi wapya. Risiti, picha, risiti.

Saa tano akaingia mzee mmoja, kanzu safi, bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimefuata viza ya binti yangu."

Nikamweleza kwamba ubalozi uko jengo la Umoja House, sisi tunafundisha. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Sawa. Sasa hiyo viza nasubiri hapa au nirudi mchana?"

Nikaeleza tena. Akaketi. Watu watatu wakahudumiwa, yeye yuleyule, bahasha mapajani. Akaja tena: niitie Mjerumani mwenyewe. Mjerumani mwenyewe alikuwa ukumbini anabeba viti. Hapo mzee akapandisha sauti.

"Mimi mtu wa Lindi! Mjusi wetu wa Tendaguru mlimbeba bila viza, mtoto wangu mnamdai makaratasi!"

Korido nzima kimya. Na kusema kweli, pale alinikamata. Mifupa ile ya dinosaria ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wenyeji mpaka pwani, na leo inasimama kwenye jumba la makumbusho Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mimi sikubeba hata ukucha. Lakini ukikaa kwenye dawati hili, unajibu ya 1909 na ya leo asubuhi kwa mshahara uleule.

Nikampa maji. Ndipo ikatoka: kuna dalali kamla laki nane, akamwambia pesa ikishalipwa viza inachukuliwa kwetu. Binti ni muuguzi. Hasira zikaniisha, nikachukua karatasi nikamwandikia viwango vya lugha: A1, A2, B1, B2. Nikamweleza kwamba leseni kamili ya uuguzi kule kwa kawaida inadai B2, na hapo anapoanzia ni A1. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Ilikuwa saa saba. Chai yangu ina utando.

Mchana sijui ulikwendaje. Jioni kulikuwa na onyesho: mpiga zeze wa Kigogo kutoka Dodoma na mgeni mpiga selo, ile fidla kubwa, kutoka Ujerumani. Walikuwa na siku nne tu za mazoezi, hawana lugha moja kati yao, wanaelewana kwa kutikisa vichwa. Kilichogoma ni umeme. Plagi za mgeni zina meno mawili ya mviringo, soketi zetu zinataka matatu ya bapa, na adapta aliondoka nayo mtu wa maonyesho ya mwezi uliopita. Nikatoka mbio hadi duka la vifaa vya umeme, viatu mkononi, nikanunua mbili. Moja ilikufa palepale na harufu yake.

Zeze lilipoanza, na selo ikaingia chini yake taratibu, nilikuwa nimeegemea mlango nahesabu viti vya kurudisha. Nikasahau nilipofikia.

Sijui ilikuwa saa nne au tano wakati nafunga. Mlinzi akanisimamisha getini.

"Dada, yule mzee wa Lindi alirudi magharibi na binti yake. Anauliza, hiyo B2 ni ghorofa ya ngapi?"